Karani Aliyepiga Santuri kwa Mdomo

Karani alikuwa na kawaida ya kukuuliza unapenda bendi gani, kisha anakusikitikia kabla hujajibu. Macho yanateremka, midomo inakunjika kama ya mtu aliyeonja uji usio na chumvi wala sukari, na wewe, hata kama ulikuja na jibu zuri, unalimeza. Nimemeza majibu mengi sebuleni kwake kuliko mkate wa Chakula cha Bwana kanisani.

Niseme mapema kwamba bado yu hai. Yuko mjini Same kwa binti yake, anaona joto, na ninavyomjua mimi anaulaumu mji mzima kwa hilo. Uhai wake ndio unaoniruhusu kumsema. Akifa itabidi nimsifu, na kazi hiyo sina uzoefu nayo.

Tulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko chini tambarare. Alipostaafu alipanda mlima kurudi kijijini kwetu na mke, kalamu kwenye mfuko wa shati, na kasha la santuri za Wazungu. Mke ndiye aliyelima. Kalamu sikuwahi kuiona ikiandika. Santuri ndizo zilizomharibu.

Zilikuwa santuri za bluzi, lakini si bluzi ya mtu na gitaa lake kibarazani. Hii ilikuwa ya gitaa la umeme, ya vijana wenye nywele kama vichaka. "Bluzi ni kilio," alitufundisha. "Roki ni kilio kilichoingiziwa umeme. Nyinyi mnaopenda nderemo hamuwezi kuelewa." Majina ya bendi aliyatamka kwa Kiingereza cha puani, na ukijaribu kuyarudia alikuwa anafumba macho kama mtu aliyepigwa na mwanga. Kwa hiyo sisi tuliziita albamu kwa picha za kwenye majalada: Ile ya Treni, Ile ya Kiti Kitupu, Ile ya Mama Mwenye Mwavuli. Hilo nalo lilimuudhi. Tuliendelea nalo kwa sababu hiyo hasa.

Tulikuwa tunakusanyika Jumapili, baada ya ibada na baada ya makande: mimi, Fundi, na Mama Kwaya. Fundi ni fundi cherehani wa pale njia panda, mtu wa dansi la zamani, bendi zenye tarumbeta na mashati ya sare. Mama Kwaya anafundisha kwaya ya usharika wetu, na anaweza kujua umekosa sauti kwa kukutazama shingo tu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwa mama kupumzika, na bado napumzika. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Moshi, nilikwenda kung'oa jino, na nilirudi nalo. Muziki wangu ni nyimbo za mapenzi, zile ambazo mwanamume anaomba msamaha kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho na huambiwi alikosea nini.

Kila mmoja alileta anachokipenda, na kila mmoja alipata chake.

"Hiyo siyo bendi, Fundi. Hiyo ni harusi."

"Sasa harusi ina ubaya gani, Karani? Si watu wanafurahi?"

"Ndiyo tatizo lake."

Kwa Mama Kwaya alijifanya mpole zaidi. "Kwaya, mama, ni watu wengi wanaoogopa kuimba peke yao."

"Na wewe ni mtu mmoja anayeogopa kuimba na wenzake," Mama Kwaya alimjibu, akaendelea kupuliza chai yake.

Mimi hakunipa hata heshima ya hoja. "Wewe kijana unapenda muziki kama nzi anavyopenda sukari guru. Unatua tu." Aliniita kijana huku mvi zangu zinazidi zake.

Mtu atauliza tulifuata nini huko. Tulifuata chai. Mke wa Karani alikuwa anasaga tangawizi yake mwenyewe, ya shambani kwake, na chai yake ilikuwa inakupiga kooni kwanza ndipo ikuombe radhi. Ukiwa na kikombe kile mkononi, na ukungu umeziba dirisha, unaweza kutukanwa na mtu yeyote.

Habari za jinsi alivyozipata santuri zake zingekuchosha. Ile ya Treni, kipenzi chake, Jumapili moja aliifukua mnadani Same chini ya rundo la masweta ya mitumba. Jumapili nyingine aliipata Tanga kwa baharia mlevi. Mara nyingine alipewa kama zawadi na bendi yenyewe, iliyokuwa imepotea njia ikitafuta mbuga ya wanyama. Katika hadithi zote hizo yeye ndiye pekee aliyeitambua. Wengine walikuwa wanataka kuifanya sinia.

Sauti ya mkewe ilikuwa inatoka jikoni, taratibu, bila ubaya: "Baba, meneja alikuwa anazitupa. Wewe ulikwenda kuziomba."

"Huyo anapika," Karani alituambia, kama mtu anayemweleza mgeni kwamba mbwa haumi.

Kisha pleya ilifunguliwa. Ilikuwa ya kisanduku, yenye mkono wa kubebea, na spika ndani ya kifuniko. Aliifuta kwa kitambaa cha miwani. Aliishusha sindano kama anamtia mtoto dawa ya macho. Ile ya Treni inaanza polepole, gitaa linanung'unika chini chini, halafu linaanza kupanda, linapanda, mpaka unahisi mtu amelishika shingo. Na kila lilipofika pale juu, jikoni mkewe alianza kuguna pamoja nalo. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na mtu wa sauti ya pili ukimwekea wimbo wowote ataitafuta nafasi yake. Alikuwa anakoroga makande ya jioni na kuguna, mwiko na sauti.

"Mama! Acha!" Karani alipiga kelele. "Unachafua gitaa!"

Alinyamaza. Gitaa likapanda kidogo zaidi, akaanza tena. Sikumbuki Jumapili ambayo haikwenda hivyo.

Sasa niseme kuhusu mikono ya Karani. Ilikuwa laini kama ya bibi arusi. Kijijini kwetu hilo si jambo dogo, kwa sababu maji yetu hayaji yenyewe. Yanatoka juu msituni, yanakusanyika kwenye ndiva, yaani bwawa letu, na asubuhi yanafunguliwa yashuke kwa mfereji mpaka kwenye migomba na maharage ya kila mtu. Mfereji ukijaa udongo, pembe inapigwa kilimani na kila nyumba inatoa jembe moja. Huo ndio msaragambo. Mzee wa Mfereji anapima kwa fimbo yake, nyumba hii kipande hiki, nyumba ile kipande kile. Usipotokea hupigwi wala hutukanwi. Wanakuja kwako, wanachukua kitu unachokipenda, wanakiweka kwa Mzee wa Mfereji hadi siku utakapokwenda kuchimba kipande chako. Kwangu waliwahi kuchukua godoro. Nilichimba siku ileile.

Nyumba ya Karani haikuwahi kuchukuliwa kitu, kwa sababu mkewe alikuwa wa kwanza kufika mferejini na wa mwisho kuondoka, na akimaliza chake alimsaidia mjane wa jirani. Karani siku hizo alifungua dirisha na kutuwekea Ile ya Treni kwa sauti ya juu. Alisema na yeye anachangia. Mimi niliyechagua kipande chenye kivuli na jembe jepesi kuliko yote sina ulimi wa kumcheka, lakini nilimcheka.

Kisha mkewe akaugua homa, akafa, tukamzika juu pale penye migrevilia. Kwaya iliimba bila sauti yake na wote tulisikia pengo.

Pembe ya kwanza baada ya hapo walimwacha Karani, msiba una heshima yake. Ya pili pia. Ya tatu, Mzee wa Mfereji alikuja na vijana wawili. Ilikuwa Jumapili, na sisi tulikuwa mle mle sebuleni.

"Karani, tumekuja."

"Naona."

"Pembe ilipigwa."

"Niliisikia. Anayepiga hana pumzi."

"Nyumba yako haikutoa jembe."

Karani alisimama, akashika kalamu ya mfukoni kama wakili. "Nyumba hii imechimba. Mke wangu alichimba zaidi ya kipande chake kila mara, na hakuna asiyejua. Hesabuni yale ya ziada. Mtaona mimi nawadai nyinyi."

"Ya ziada ni ya kwake."

"Ni ya nyumba!"

"Nyumba haina mikono, Karani," alisema Mzee wa Mfereji, wala hakupaza sauti. Kijana mmoja aliinua pleya, mwingine akazungusha waya kwa adabu, wakaondoka nayo.

Watu wa tambarare wanapenda kusema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Ni uzushi. Karani hakuwa na ng'ombe, aliuza mbuzi. Alikwenda baraza la kijiji, akashindwa. Akapanda baraza la kata, akaambiwa aende akachimbe. Alikata rufaa. Alivaa tai kila alipokwenda, na kila aliporudi alitueleza ujinga wa waliomsikiliza. Masika yalipita, vuli ikapita, yakaja masika mengine, na kipande chenyewe kilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Hapo ndipo nilipomdharau kweli, si kwa utani. Mtu aliyemwambia mkewe anachafua gitaa, leo anataka jasho la mwanamke yule lihesabiwe kuwa lake. Nilisema hivyo kwa Mama Kwaya tukitoka siku moja.

"Si jembe linalomshinda," alinijibu. "Akilishika hata mara moja atakuwa amekiri ni nani alikuwa analishika. Ndiyo hapo alipokwama."

"Basi na akwame."

"Amekwama. Na wewe kila Jumapili unakwenda kumtazama. Sijui nani mbaya."

Kwa sababu vikao havikufa. Hiki ndicho kitu nisichoweza kumweleza mtu wa mjini bila kuchekwa. Chai sasa Fundi alikuja nayo kwenye chupa, chai ya rangi isiyo na ladha ya kitu. Pleya ilikuwa kwa Mzee wa Mfereji, chini ya uchaga wa mahindi. Na Karani aliendelea kutuwekea albamu, kwa mdomo.

Alitoa santuri kwenye jalada. Aliifuta. Aliilaza juu ya kitambaa mezani, mahali palepale pleya ilipokuwa, akakaa, akafumba macho, na kuanza. Besi aliipiga kwa kisigino. Ngoma kwa kidole kwenye kiti. Gitaa kwa mdomo: nyau, nyaauu, dididi-weee, shingo imevimba, mate yanaruka. Fundi alihamia kiti cha karibu na mlango. Mbuzi wa jirani alikuwa anajibu. Kwenye mlio mrefu alikatika pumzi, akainua kidole tusubiri, akavuta hewa, akaendelea palepale alipoachia. Upande wa kwanza ukiisha aliigeuza santuri. Nakwambia aliigeuza! Halafu alituuliza tumeona nini.

"Nimeona mbuzi anaelewa," Fundi alisema.

"Anaelewa kukushinda wewe."

Na bado alitudharau! Mtu hana pleya, hana mke, hana kesi ya kushinda, anapiga gitaa kwa fizi, na bado sisi ndio tusiojua muziki. Nilikuwa narudi nyumbani nikimwigizia mama yangu hadi anadondosha mchicha.

Lakini kuna jambo Mama Kwaya alilibaini kabla yangu. Ile ya Treni, gitaa likifika pale juu, Karani aliacha kulia puani. Sauti yake ilishuka, ikawa mguno wa kifuani, laini, unaokuja pembeni ya wimbo kisha unaondoka. Mara ya kwanza Mama Kwaya aliuweka mkono wake juu ya mkono wangu na kuuminya. Nilidhani ananizuia nisicheke.

Mwaka jana nilinunua simu ya maana. Jumapili moja, Karani akiwa ametoka kwenda uani, nilinakili herufi zilizo kwenye jalada la Ile ya Treni, na nyumbani nikazitafuta. Albamu yote ilikuwapo, bure, na picha ya treni ileile. Niliisikiliza kitandani, maana mimi mambo makubwa nayafanyia kitandani. Ulikuwa muziki mzuri. Gitaa lilikuwa fupi kuliko la Karani, na safi. Nilifurahi kwa furaha mbaya. Nilimwona tayari: nitaiweka simu mezani, ataisikia, na atajua kuwa kiti chake kimekwisha, kwamba hata mvivu kama mimi sasa anabeba kasha lake lote mfukoni.

Nilikwenda siku ya kazi ili awe peke yake. Ukatili nao una adabu zake.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Leo si Jumapili."

"Nimekuletea kitu." Nikabonyeza.

Aliitambua kwa mlio wa kwanza. Hakushangaa kuhusu simu, hakuuliza imetoka wapi. Alikaa. Kisigino kilianza. Gitaa lilinung'unika, likaanza kupanda, na yeye akainua kidole kama afanyavyo, akisubiri. Likafika juu. Likapita. Likashuka. Kidole kilibaki hewani.

"Wamekosea," alisema.

"Wamekosea nini?"

"Rudisha."

Nilirudisha. Aliisogelea ile simu mpaka sikio likagusa kioo.

"Hapo! Kuna sauti hapo, wameitoa. Hiyo uliyoleta ni ya wizi, imekatwa."

"Sauti gani, Karani?"

"Ya mwanamke. Inaingia chini ya gitaa."

"Karani," nilisema, nikaonyesha picha ya bendi nyuma ya jalada, "hawa ni wanaume tu."

Alilitazama jalada. Kisha alitazama mlango wa jikoni, ambako hakukuwa na moto. Alikaa akiutazama kwa muda mrefu, na mimi niliyekuja kumwona akianguka nilianza kutafuta pa kuweka macho yangu. Nilizima simu. Hakuna aliyeniambia nizime.

"Pembe inapigwa lini?" aliuliza.

"Jumamosi."

Jumamosi alikuja. Alivaa tai. Jembe lilikuwa la mkewe, mpini umemomonyoka mahali pa vidole vyake, na Karani alilibeba mbali na mwili kama anayebeba nyoka aliyekufa. Msaragambo mzima ulinyamaza, kisha ukajifanya haukunyamaza. Mzee wa Mfereji aliweka fimbo chini, akapima, akaonyesha.

"Kipande cha nyumba yako."

"Fimbo yako imerefuka," alisema Karani.

"Chimba, bwana."

Alichimba vibaya. Udongo aliurudisha alikoutoa. Kufikia katikati malengelenge yalikuwa yamepasuka, na mjane yule wa jirani, aliyekuwa amemaliza chake, alishuka na jembe kumsaidia.

"Toka," Karani alimwambia.

"Alikuwa ananisaidia, baba. Mimi namrudishia yeye."

Karani alisogea hatua moja. "Basi chukua ule upande wenye mawe," alisema, na huo ndio ulikuwa msamaha na shukrani na kila kitu alichokuwa nacho siku hiyo.

Pleya ilirudishwa jioni. Kuku wa Mzee wa Mfereji walikuwa wameifanya kiota. Ilikuwa na manyoya, na harufu, na yai moja ambalo Mzee alisema twende nalo tu. Fundi aliifungua, akaisafisha kwa brashi ya cherehani, akaiunganisha umeme. Haikuzunguka. Karani alisema atafungua kesi ya kuku, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikujua kama anatania.

Hakuifungua, maana binti yake alikwisha sema anakuja kumchukua. Jumapili ya mwisho tulikwenda wote. Kasha lilikuwa limefungwa kamba, isipokuwa Ile ya Treni. Aliilaza juu ya pleya mfu, akashusha sindano kwa heshima zile zile juu ya santuri iliyosimama, akafumba macho na kufungua mdomo. Kisigino. Kidole. Nyau, nyaauu. Fundi karibu na mlango, mbuzi nje. Gitaa likapanda, likapanda, na lilipofika juu Karani alinyamaza. Hakukatika pumzi. Alinyamaza tu, kidole juu, akiacha nafasi.

Mama Kwaya aliijaza. Aliguna sauti ya pili, kifuani, laini, kama tulivyokuwa tukiisikia ikitoka jikoni.

Karani alifumbua jicho moja.

"Umekosea," alisema. "Yeye alikuwa anachelewa kidogo. Alikuwa anakoroga."

Akairudisha sindano mwanzo.